Vitamini Isiyotoka na Mkojo

Wenzangu, siku mliponiaga kazini mlinipa saa ya ukutani na shati la kitenge, tukala pilau, kisha mmoja wenu akasimama akasema kwamba mzee Saidi hajawahi kukosea dawa maisha yake yote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni, sikuweza kumjibu. Sasa nimekwisha kumeza, na ninamjibu kwa maandishi, kwa kuwa nikisimama muda mrefu magoti yananiuma na nikiongea muda mrefu nachoka.

Nimegawa dawa tangu nilipotoka shule mpaka mwaka huu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya kwenye zahanati ndogo ya Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, kwenye jengo ambalo sasa ni ghala la mabegi. Vyeo sitavieleza. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Mishahara mnaijua, maana haijabadilika sana. Nitaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu nitaeleza habari ya mtoto mmoja aliyeitwa Mwanaidi, ambaye nilimdhuru kwa dawa ambayo hakuna aliyeiogopa.

Nilianza kazi wakati soko jipya linajengwa. Vumbi la saruji lilikuwa linaingia dirishani mchana kutwa, likitua juu ya meza, juu ya vidonge, juu ya mkate wangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepitia mafunzo ya ugawaji wa dawa, nimenyoosha suruali, nimejaa maneno ya Kilatini ambayo hakuna mtu Kariakoo aliyeyahitaji. Mgawa dawa mkuu alikuwa Mzee Hilari, mtu wa Masasi, mkimya, taulo begani saa zote, sikio lake moja halisikii vizuri. Nilimwamkia nikaanza kujitambulisha, na cheti mkononi. Hakukitazama.

"Pua yako nzima?" akaniuliza.

"Nzima, mzee."

Akanipa chupa tupu. "Nusa."

"Mafuta ya taa."

"Na hii?"

"Pombe."

"Ya jana au ya leo?"

Nikanusa tena. Nikasema ya leo. Akacheka kidogo. "Utaweza kazi. Ile ya kwanza ilikuwa koroboi, ukitia dawa ya kikohozi humo umemuua mtu. Hii ya pombe ioshe tu, mwenyewe atakuja hana kinyongo."

Siku hizo mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Dawa za maji tulizichanganya wenyewe kwenye mitungi mikubwa ya kioo, tukamjazia kila mtu kwenye alichobeba: chupa ya soda, chupa ya mafuta ya nywele, hata chupa ya manukato ambayo mwenye nayo hakutaka tuioshe. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kunusa na kuosha. Baadaye nikapewa mizani yenye mawe ya shaba, kisha kinu cha kaure cha kusagia, kisha kile kipimo cha kioo ambacho lazima ukiinue kilingane na jicho, la sivyo kinakudanganya. Vidonge tulivihesabu juu ya sahani ya bati, tunavisukuma kwa kisu cha mkate kilichokwisha makali. Ninyi mna mashine. Siwaonei wivu. Kisu kile kilinipa sugu kwenye kidole ambayo haijatoka mpaka leo.

Mzee Hilari alinifundisha kusoma lebo wakati wa kuchukua chupa, wakati wa kumimina na wakati wa kurudisha kwenye rafu. Hilo nilishika. Alinifundisha pia kwamba dirisha la dawa ni la kutolea dawa, si la kutolea hotuba. Hilo sikushika. Nilikuwa kijana, ninajua kusoma Kiingereza, na foleni nzima inaniita daktari. Mtu akikuita daktari kila siku, unaanza kuitika kabla hajamaliza neno.

Maneno yaliyonipa jina yalianza na mchukuzi mmoja wa bandarini. Tulimpa vidonge vya vitamini B, akarudi kesho yake asubuhi, amekasirika, anapenya foleni.

"Daktari, umenipa rangi! Nimekojoa njano kama bendera!"

"Tulia, bwana. Hiyo ni vitamini. Ikizidi inatoka na mkojo. Mwili ukishashiba, unamwaga."

"Kwa hiyo mimi nakojoa dawa ya serikali?"

Foleni ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kuanzia siku ile watu walinitania, na maneno yale yakashika: vitamini ikizidi inatoka na mkojo. Nilikuwa nayasema mara kwa mara, kwa sababu yalipendwa, na kwa sababu kwa dawa ile yalikuwa kweli. Mzee Hilari aliniita pembeni akasema, "Hiyo ni B, na C. Usiwafanye watu waamini ni zote." Nikasema, ndiyo mzee. Nilikuwa najua. Darasani tuliandikiwa ubaoni kwamba A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, mwili unaziweka akiba, hazitoki kirahisi. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Lakini mambo ya mtihani hayakuwa yanachekesha foleni.

Mzee Hilari alistaafu akarudi kwao. Mimi nikabaki na dirisha peke yangu.

Baada ya vita vya mpakani kwisha ulikuja ule wakati wa kukosa kila kitu. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa, na ambao hawakuwepo wanadhani tunatia chumvi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, unga kwa foleni kupitia duka la ushirika na balozi wa nyumba kumi. Mtu akiona watu wamejipanga, alijipanga kwanza, akauliza baadaye kinauzwa nini. Rafu zangu zilikuwa na pamba, dawa ya vidonda na vumbi. Mgonjwa anakuja na karatasi ya tabibu, mimi naisoma, ninamrudishia. Kazi ya kurudisha karatasi inachosha kuliko ya kugawa dawa. Mnaweza msiamini.

Halafu yakaja makreti ya msaada kutoka nchi rafiki. Mengi yalikuwa na maandishi tusiyoweza kusoma. Katika hayo kulikuwa na maboksi ya vichupa vidogo vya kioo cha kahawia, vya mafuta, vya vitamini D. Ghala kuu lilituma na karatasi ya maelezo, nikaibandika ukutani: kichupa kimoja, kwa mdomo, kwa mtoto mwenye matege, kwa amri ya tabibu, kisirudiwe mpaka miezi ipite na mtoto apimwe tena. Kichupa kile kimoja kilikuwa na nguvu ya vijiko vingi mno vya mafuta ya samaki tuliyozoea. Nilisoma. Nilielewa. Sina kisingizio cha lugha.

Bi Zuhura alikuwa mwenyeji wa mtaa huo tangu enzi ya bibi yake. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, vingine amepangisha. Binti yake Rehema alikuwa akifanya kazi kwa zamu kwenye kiwanda cha nguo. Rehema alikuwa amezika watoto wawili wachanga. Wa tatu, Mwanaidi, bibi yake aliapa kwamba jicho la mtu halitamgusa. Alimlea chumbani, dirisha limefungwa. Akivuka naye ukumbi kwenda uani kumwogesha, anamfunika kanga gubigubi, na wapangaji wanajua kwamba wageuze nyuso. Kuna waliokaa nyumba ile mwaka mzima bila kuujua uso wa yule mtoto. Kwa hiyo jua nalo halikuujua.

Alipokaribia miaka miwili alikuwa hajasimama. Bi Zuhura alimleta amefunikwa, akamfunua mbele ya tabibu wetu kwa kunung'unika. Miguu imepinda, vifundo vya mikono vimevimba, kichwa kinatoka jasho. Tabibu akaandika kichupa kimoja na jua la asubuhi kila siku. Bi Zuhura akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Huyu tabibu wenu ana akili timamu? Nimtoe mtoto nje, watu wamwone na miguu hii? Si ndiyo watanimalizia?"

Nilipaswa kumwambia kwamba tabibu yuko sawa. Lakini foleni ilikuwa inasikiliza.

"Basi usijali, bibi. Dawa hii ndiyo jua lenyewe. Limetiwa kwenye chupa."

"Wewe ndiye daktari," akasema, akamfunika mtoto, wakaenda.

Dawa ilifanya kazi. Hilo nisilifiche, maana ndilo lililotuponza. Baada ya wiki kadhaa Bi Zuhura alikuja uso umechanua, na chini ya buibui ana kifurushi cha gazeti. Kilikuwa cha sukari. Wakati ule sukari ilikuwa inatazamwa kama mnavyotazama dhahabu.

"Amesimama! Ameshika ukingo wa kitanda akasimama, mwanangu, akaniangalia kama mtu mzima! Nipe kingine."

"Tabibu alisema kimoja, bibi."

"Tabibu hajamwona amesimama. Mimi nimemwona. Kwani nikimzidishia kitamdhuru?"

Kifurushi kilikuwa tayari upande wangu wa dirisha. Karatasi ya ghala ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa changu, sikuhitaji kugeuka, nilijua inasema nini.

"Hapana, bibi. Vitamini ikizidi inatoka na mkojo."

Nikampa. Nyumbani kwangu tulikunywa chai yenye sukari siku ile, watoto wakafurahi. Sukari yenyewe ilikuwa nzuri.

Kumbe hakuishia kwangu. Alikwenda zahanati ya Magomeni, akaonyesha miguu ya mtoto, akapewa. Akaenda nyingine, akapewa. Kila mgawa dawa alitoa kwa nia njema, na hakuna aliyemuuliza mtoto amekwisha kunywa nini. Kisha vichupa vikaanza kuuzwa kwa ulanguzi sokoni, chini ya mafungu ya vitunguu, akanunua. Hakuwa mjinga. Tulikuwa tumeishi kwa kujilimbikizia: ukikuta sabuni unachukua, maana kesho haipo, na dawa ilikuwa kama sabuni. Akawa anampa mtoto kichupa kila Ijumaa baada ya kumwogesha, na mafuta ya samaki juu yake.

Mwanaidi akaanza kukataa uji. Akawa anatapika. Choo hapati. Anataka maji tu, anaparamia mtungi, akinyimwa analia mpaka sauti inakatika. Bi Zuhura akaja kunieleza, na ninakumbuka alivyoegemea dirisha, amechoka lakini hana wasiwasi.

"Halafu anakojoa, mwanangu. Anakojoa mpaka godoro halikauki."

Nikamjibu nikiwa nahesabu vidonge vya mtu mwingine.

"Basi si ndiyo inavyotoka."

Sikuinua macho. Nilimpa klorokwini kwa ajili ya ulegevu na dawa ya minyoo kwa ajili ya kutapika. Akaenda zake ametulia, kwa sababu mtoto anakojoa kama nilivyosema atakojoa. Na kwa kuwa dawa inatoka, akaongeza nyingine ili ifidie iliyotoka. Ninyi mliosoma kuliko mimi mnaelewa ni nini kilikuwa kinatokea: chokaa, yaani kalsiamu, imejaa kwenye damu, figo zimeelemewa, zinaacha maji yapite, mtoto anakauka. Kiu ile na mkojo ule vilikuwa kengele ya hatari. Mimi niliigeuza ikawa habari njema.

Alasiri moja Rehema alikuja mwenyewe, ametoka zamu moja kwa moja, nyuzi za pamba zimeganda nyweleni. Mtoto begani amelegea kama nguo iliyolowa.

"Wewe ndiye Daktari Saidi?"

"Ndiye."

"Nataka kumpeleka hospitali. Mama anakataa mpaka nikuulize wewe kwanza. Neno lako analishika kama kiapo. Haya, mtazame."

Nilimtazama. Midomo imekauka, macho yamezama, tumbo gumu. Miguu ilikuwa imenyooka kidogo, na hilo likaniumiza zaidi. Hapo ule ubao wa darasani ukanijia, na herufi zake. Nilijua. Sikudhani wala sikuhisi, nilijua. Nyuma yake kulikuwa na watu wamejipanga, nusu yao wameshanisikia nikisema yale maneno, na baadhi walikuwa wameanza kuyatabasamia hata kabla sijafungua mdomo.

"Mpeleke Upanga, hospitali kubwa, sasa hivi," nikasema. "Na zile dawa za vichupa... mpunguzieni kidogo."

Mpunguzieni. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Nilipaswa kusema acheni, tena kwa sauti. Lakini kusema acheni kulikuwa kukiri mbele ya foleni kwamba nilikosea, na kupunguza kulisikika kama ushauri wa mtaalamu. Rehema akashika njia. Mimi nikamwita anayefuata.

Alirudi baada ya siku chache, bila mtoto. Safari hii hakupanga foleni.

"Amelazwa. Ametundikiwa maji. Daktari anasema damu yake imejaa chokaa kutokana na dawa, tuache kila kitu. Tumeacha, lakini wakimpima haishuki. Leo nimegundua kwa nini. Mama anampa pale pale wodini, wauguzi wakigeuka."

"Mwambie aache!"

"Nimemwambia. Daktari amemwambia. Anasema wale ni watoto wa juzi, wewe ndiye uliyemsimamisha mjukuu wake, na wewe ulisema tupunguze, hukusema tuache. Amevifunga kwenye pindo la kanga, hataki kuvitoa." Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. "Mwanangu anakufa kwa ajili ya neno lako. Njoo ulitoe mwenyewe."

Nilifunga dirisha foleni ikilalamika. Tulivuka Mnazi Mmoja kwa miguu, jua kali, Rehema mbele, mimi nyuma. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo lile ili lisiwe kosa langu lote. Kulikuwa na ghala lililoleta dawa kali. Kulikuwa na Magomeni. Kulikuwa na walanguzi. Nilikuwa na orodha nzuri nilipofika getini.

Wodi ilikuwa imejaa, watoto wawili wawili kitandani, mama zao chini kwenye mikeka. Bi Zuhura alikuwa kando ya kitanda na tasbihi mkononi. Aliponiona, uso ukamtulia. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama upande wa pili.

"Haya," Bi Zuhura akasema kwa wodi nzima, "daktari wangu huyo amekuja. Mwambie huyu binti. Mwambie vitamini ikizidi inakwenda wapi."

Ile orodha niliyotoka nayo njiani ikapotea. Mtoto alikuwa amelala macho nusu, mdomo wazi, anapumua kama mzee.

"Nilikosea, Bi Zuhura. Hii haitoki na mkojo."

"Haitoki?"

"Inakaa. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, inakaa miezi. Kila kichupa ulichompa bado kiko ndani yake."

"Na mkojo ule wote?"

"Ule ni maji ya mwili wake. Figo zimeshindwa kuyashika."

Alinitazama kama anayesubiri nimalize utani. "Si ulisema wewe? Nilikuuliza, ukasema. Kama ulikuwa hujui, ungesema hujui."

"Nilikuwa najua, bibi. Nilisoma. Nikasema hivyo hivyo."

Mama mmoja mkekani akasema "Hee!" kisha akaziba mdomo kwa kanga. Bi Zuhura akaweka tasbihi chini. Akalifungua pindo, akaanza kuvitoa vichupa kimoja kimoja, anavipanga juu ya kikabati cha kitanda. Vilikuwa vingi kuliko nilivyoogopa. Daktari akavitazama, akainamisha kichwa.

"Nimemlisha sumu kwa mkono wangu mwenyewe," Bi Zuhura akasema. "Tena wewe nikakupa na sukari."



Daktari alieleza kilichobaki, taratibu, kwa lugha ambayo kila mtu pale alielewa. Maji mengi. Dawa za kushusha chokaa. Maziwa asipewe, mafuta ya samaki asipewe, na kwa muda asikae juani, kwa sababu jua nalo linatengeneza vitamini ile ile mwilini.

Bi Zuhura akainua kichwa. "Asikae juani?"

"Kwa sasa, mama."

"Tokeni mkakubaliane huko nje. Mmoja anasema mtoe, mwingine anasema mfiche. Mimi si nilimficha tangu mwanzo?"

Wodi ikacheka, hata daktari akacheka. Rehema hakucheka, na mimi sikuweza.

Kesho yake nilimweleza tabibu wetu yote, pamoja na sukari. Aliniandikia onyo, nikalisaini. Vichupa tukavifungia kabatini, ufunguo akakaa nao yeye, na kila mtoto aliyepewa tuliandika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki ili zahanati nyingine ione. Nilizunguka kwa miguu nikawaeleza wagawa dawa wa huko Bi Zuhura alikopita. Mmoja alinicheka: "Saidi, vitamini inaua? Kesho utasema na maji yanaua." Nilikwenda mpaka kwa mwenye vitunguu sokoni. Akaniambia, "Bwana mkubwa, hii si bangi, hii ni vitamini," na akaendelea kuuza. Ndipo nilipofahamu jinsi neno zuri linavyokuwa gumu kulirudisha, maana yule bwana alinisomea yale maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, bila kujua kwamba yalikuwa yangu.

Tangu hapo nikawa mzito dirishani. Kila mtu nilimuuliza: unakunywa nini kingine, umepewa wapi, lini. Wakaniita Polisi. Foleni ikawa ndefu zaidi, viongozi wakanilalamikia. Huyo ndiye mzee Saidi mliyemkuta ninyi, mkadhani nilizaliwa mwangalifu. Sasa naona madukani vitamini D ile ile kwenye makopo yenye picha ya jua, watu wanajinunulia za nguvu yoyote wanayotaka, na mfanyakazi wa duka anawaambia haina madhara. Anasema kwa tabasamu. Ninalijua tabasamu lile.

Mtauliza mtoto alikuwaje. Aliishi. Alikaa wodini wiki nyingi, chokaa ikashuka polepole kwa sababu dawa ilikuwa inatoka polepole mafichoni mwake. Miguu ilinyooka. Figo zilibaki na makovu. Shuleni alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji mpaka walimu wakamchoka. Ameolewa Magomeni, ana mtoto mmoja, na hospitali wamemkataza kubeba mimba nyingine. Habari hiyo alinipa Bi Zuhura mwenyewe kabla hajafariki. Alinieleza kwa upole, na ningependelea anitukane.

Lakini nirudi siku ile Mwanaidi aliporuhusiwa. Nilikuwa nimezoea kupita wodini baada ya kufunga dirisha. Rehema hakuwahi kunifukuza, wala kunisemesha. Siku hiyo nilimkuta kwenye ngazi za nje, mtoto begani, mama yake ametangulia kutafuta kivuli. Akanisimamisha.

"Kaka Saidi." Hakuniita daktari. "Wanasema nimrudishe kila mwezi wapime figo. Zitapona?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa zuri, fupi, la kumtuliza mtu aliyechoka aende nyumbani akalale. Nilihisi linataka kutoka lenyewe.

"Sijui, Rehema," nikasema.

 Akamfunika mtoto kichwa kwa upande wa kanga, asipigwe na jua.

"Na neno hilo," akaniuliza, "ulikuwa nalo siku zote?"

Nikamwambia nilikuwa nalo. Akashuka ngazi.